Kabla ya kununua mradi, muulize mkutubi

Ukipita karibu na vyuo vikuu vyetu, utaona vibanda vya kompyuta vimejipanga kama vioski vya mboga. Ukutani pamebandikwa karatasi: hapa tunapiga chapa, hapa tunatoa fotokopi, hapa tunajalidi. Ukiuliza kwa sauti ya chini, huenda ukaambiwa pia kwamba hapa wanaandika miradi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huleta mada na pesa, na baada ya wiki mbili hurudi kuchukua kitabu kilichojalidiwa vizuri, jina lake likimetameta kwa herufi za dhahabu. Kilichomo ndani kimeandikwa na mtu asiyemjua.

Wazazi wengi hawana habari kwamba biashara hii ipo. Na miongoni mwa wale wanaojua, wapo wasioona ubaya wowote. Tumezoea kuamini kwamba la muhimu ni mtoto amalize, avae joho, tupige picha na kuchinja mbuzi. Lakini baada ya kuliona jambo hili kwa karibu, nimeshawishika kwamba si uvivu unaowafikisha vijana wengi kwenye vibanda hivyo. Hawajui pa kuanzia. Kumwambia kijana "nenda ufanye utafiti" bila kumwonyesha njia ni sawa na kumshusha mgeni kutoka mashambani katika kituo cha Machakos Country Bus, ukamwambia akatafute nyumba ya shangazi yake bila kumtajia mtaa.

Jambo hili lilibisha hodi kwetu mwaka wa 2023. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, alikuwa katika mwaka wake wa nne hapa Nairobi. Dada yangu huuza samaki huko Kisumu, na karo ya binti huyo yote imetoka katika beseni la samaki. Alinipigia simu kuniomba shilingi 15,000 za mradi. Nilipotaka kujua zitanunua nini hasa, alinijibu bila kusita kwamba ni za yule atakayeuandika.

"Ndugu yangu, mwalimu wake amemrudishia karatasi mara mbili," alisema. "Mtoto halali usiku. Kama kuna mtu wa kumsaidia kwa pesa, ubaya uko wapi? Hata mimi samaki sivui mwenyewe. Nanunua, nauza."

Nilikosa la kusema kwa muda. Kisha nikamwambia kwamba pesa nitatafuta, lakini kwanza binti aje kwangu na karatasi hizo zilizorudishwa. Dada yangu alikata simu, na kwa wiki nzima hakunipigia tena. Wenye dada wakubwa wanajua uzito wa jambo hilo. Yeye ndiye aliyenilipia nauli nilipoenda chuo. Nilijua pia kwamba binti akishindwa kumaliza, lawama itakuwa yangu mpaka kaburini.

Mpwa wangu alifika Jumamosi, karatasi mkononi na uso umemshuka. Mada yake ilikuwa "Athari za gugu maji katika Ziwa Victoria". Pembeni, kwa wino mwekundu, msimamizi wake alikuwa ameandika maneno machache tu: pana mno, nani mwingine ameandika kuhusu jambo hili?

"Mjomba, nimetafuta kwenye intaneti mpaka macho yakauma," alilalamika. "Kila mahali ni maneno yale yale, na mwenyewe hayuko."

Alikuwa anasema kweli. Kurasa alizonionyesha zilikuwa zimenakiliana, hazina jina la mwandishi wala mwaka. Aidha, alikuwa ameuliza programu moja ya akili bandia, nayo ikampa orodha ndefu ya makala yenye majina ya kupendeza. Tulipoyatafuta mawili matatu, hayakuwepo popote duniani. Mimi nilisomea uandishi wa habari kwa kiwango cha diploma, na huko tulifundishwa kutafuta watu zaidi ya kutafuta makala. Kwa hiyo nilimwambia tufanye nilivyofundishwa: tumtafute mtu anayejua. Jumatatu tulikwenda kwa mkutubi wa chuo chake, nami nikaandika jina langu mlangoni kama mgeni.

Mkutubi huyo, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kama amewahi kufungua hifadhidata za maktaba. Mpwa wangu akatikisa kichwa. Miaka minne chuoni, maktaba alikuwa akiitumia kama mahali pa kukaa na kusoma noti zake.

Hapa inafaa nieleze, maana wazazi waliosoma zamani wanakumbuka masanduku ya kadi. Kadi zile zilikuambia maktaba ina kitabu gani na kiko rafu gani. Hazikukuambia kilichomo ndani ya majarida ya kitaaluma, ambamo wataalamu huchapisha matokeo ya utafiti wao muda mrefu kabla hayajaingia vitabuni. Hifadhidata hufanya kazi hiyo. Ni ghala kubwa ndani ya kompyuta, lenye makala kutoka majarida mamia au maelfu, kila moja likiwa na jina la mwandishi, mwaka, jina la jarida, maneno ya mada na ikisiri, yaani muhtasari mfupi unaokueleza makala yanahusu nini. Mara nyingi makala yenyewe nayo yamo, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Kuna hifadhidata za taaluma moja, kama vile utabibu au sheria. Na kuna za taaluma nyingi, zinazochanganya sayansi, historia, uchumi, elimu na mengineyo. Mkutubi alishauri tuanze na hizi za pili. Mpwa wangu alitaka kujua sababu.

"Wewe unatoka Kisumu," mama yule alimwambia. "Ukiwa hujui unachotaka kupika, unaanzia soko la Kibuye, ambako kila kitu kipo. Duka la viungo utaliendea baadaye."

Na kwa kweli gugu maji ni mada ya kila taaluma. Mtaalamu wa mimea ataeleza jinsi linavyozaana. Mchumi atahesabu hasara ya mvuvi ambaye mtumbwi wake umezingirwa. Daktari atazungumzia mbu, na konokono wanaoeneza kichocho. Mhandisi atauliza kama linaweza kutoa gesi ya kupikia. Mwanasheria atakumbuka kwamba ziwa hilo ni la nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Mwanafunzi anayeanzia katika hifadhidata ya taaluma nyingi huwaona wote hawa wameketi meza moja, kisha anaamua atakaa karibu na nani. Hiyo ndiyo njia ya kupunguza mada iliyo pana mno.

Katika ukurasa wa maktaba kulikuwa na orodha. Ilikuwapo EBSCOhost, ambamo mna hifadhidata iitwayo Academic Search inayogusa takriban kila somo. Ilikuwapo pia JSTOR, iliyoanzishwa mwaka wa 1995 nchini Marekani. Chanzo chake ni tatizo ambalo kila mkutubi analijua: rafu zilikuwa zinajaa majarida ya zamani, na kujenga maktaba mpya ni ghali. William Bowen, aliyekuwa mkuu wa wakfu wa Mellon, alipendekeza majarida hayo yapigwe picha na kuwekwa ndani ya kompyuta, ili kila chuo kisilazimike kuyahifadhi. Ndiyo maana JSTOR ina makala ya tangu karne zilizopita. Hata hivyo, majarida yake mengi hayaweki matoleo ya miaka michache iliyopita, mara nyingi mitatu hadi mitano. Anayetafuta habari za mwaka jana asitegemee JSTOR peke yake.

Iliyomgusa mpwa wangu zaidi ni AJOL, ghala la majarida yanayochapishwa hapa Afrika. Lilianza mwaka wa 1998, na tangu 2005 makao yake yako Afrika Kusini. Lina majarida zaidi ya 500, na mengi ya makala yake husomwa bure. Humo alikuta kazi za watafiti wa vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania, watu walioingia ziwani kwa mashua wakapima maji. "Kumbe tumeandika!" alisema kwa sauti, hadi mwanafunzi wa meza ya pili akageuka.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa maneno. Alipoandika "gugu maji" kwa Kiingereza, yaani water hyacinth, yalikuja makala maelfu kwa maelfu, kutoka China hadi Florida. Mkutubi akamwambia aandike kwenye daftari majina yote ya mmea huo. Kisayansi umejulikana kwa miaka mingi kama Eichhornia crassipes, lakini tangu mwaka wa 2018 wapo wanasayansi wanaouita Pontederia crassipes. Anayetafuta kwa jina moja tu hukosa makala yaliyotumia jina jingine.

Kisha akamfundisha kutumia maneno matatu madogo ya Kiingereza: AND, OR na NOT. OR huunganisha majina ya kitu kimoja, ili lolote litakalopatikana liletwe. AND hulazimisha mambo mawili yawe pamoja katika makala yale yale. NOT huondoa usichotaka, lakini itumie kwa uangalifu, maana inaweza kutupa mazuri pamoja na mabaya. Mantiki hii ilitokana na kazi ya George Boole, Mwingereza, mwana wa mshona viatu aliyejisomesha mwenyewe hadi akawa profesa wa hisabati huko Cork, Ireland. Alichapisha kitabu chake mashuhuri mwaka wa 1854, miaka mingi kabla ya kompyuta.

Kwa hiyo mpwa wangu akaweka majina matatu ya mmea ndani ya mabano, akiyaunganisha kwa OR. Akaongeza AND, na "Lake Victoria" ndani ya alama za kunukuu, ili maneno hayo mawili yasitenganishwe. Akaongeza AND nyingine, na fish yenye alama ya nyota mwishoni. Nyota hiyo huiambia kompyuta ilete pia fishing, fisheries, fishermen na kila neno linaloanza hivyo. Kisha akabana kwa miaka, na akachagua makala yaliyopitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Maelfu yale yakapungua hadi yakawa orodha ambayo mtu anaweza kuisoma akinywa kikombe cha chai.

Hata hivyo kupata makala si mwisho. Mkutubi alimwonya asisome kila moja toka juu hadi chini. Asome ikisiri kwanza, kisha hitimisho, ndipo aamue kama yanafaa. Na yakifaa, aangalie marejeo mwishoni ili ajue mwandishi alisimama juu ya mabega ya nani. Baadaye arudi kwenye kompyuta aone ni nani waliokuja nyuma wakayataja makala hayo. Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004 na isiyolipishwa, huonyesha jambo hili kwa kitufe kimoja chini ya kila makala. Kwa njia hiyo makala moja hukuongoza kwa mazazi yake na kwa watoto wake pia.

Ni kwa kufuata mnyororo huo ambapo mpwa wangu alijikwaa kwenye mabishano. Mwishoni mwa miaka ya 1990, gugu maji lililokuwa limefunika sehemu kubwa za fuo za ziwa lilipungua ghafla. Kwa nini? Makala moja katika jarida la Aquatic Botany la mwaka wa 2005 yalisema kwamba hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998, pamoja na upungufu wa mwangaza wa jua, ilichangia pakubwa. Jarida hilo hilo mwaka wa 2007 likachapisha jibu la watafiti wengine, waliosisitiza kwamba kazi ilifanywa na fukusi. Hawa ni wadudu wadogo wa jamii ya Neochetina, asili yao Amerika Kusini kama gugu lenyewe, walioachiliwa ziwani ili walile.

Nilimwona akikaa wima kitini. Alikuwa amefikiri kwamba utafiti ni kukusanya majibu yaliyokwisha kukubaliwa. Sasa aliona watu wazima, wenye digrii zao, wakibishana kwa heshima na kwa takwimu juu ya ziwa alilooga akiwa mtoto. "Mjomba," aliniambia jioni hiyo, "babu husema ni mawimbi ya mvua ile kubwa yaliyolivunjavunja. Kwani babu amesoma Aquatic Botany?"

Babu yake upande wa baba amekuwa mvuvi maisha yake yote, na hajasoma jarida lolote. Lakini swali hilo la mzaha ndilo lililompa binti mada. Katika makala yote aliyosoma alipata mengi kuhusu mmea, wadudu na samaki, na machache sana kuhusu wavuvi wenyewe wanavyoeleza kuja na kuondoka kwa gugu hilo katika ufuo wao. Aliandika upya pendekezo lake: kumbukumbu za wavuvi wazee wa ufuo mmoja, zikilinganishwa na yale yaliyochapishwa na wanasayansi. Kurasa zilikuwa chache kuliko zile za mwanzo. Msimamizi alizisoma, akasahihisha mbinu za mahojiano, akatia sahihi.

Dada yangu alirudi kwenye simu baada ya habari hiyo kumfikia, bado amenuna kidogo. Alitaka kujua binti yake atajuaje kwamba hayo makala ya kompyuta si uongo kama yale ya mwanzo. Mpwa wangu alimjibu mwenyewe, simu ikiwa imewekwa sauti kubwa.

"Mama, wewe ukinunua samaki pale sokoni unaangalia nini?"

"Matamvua," dada yangu alijibu. "Na macho. Yakiwa meupe namwacha."

"Basi makala nayo yana matamvua. Ninaangalia ni nani ameandika, anafanya kazi wapi, jarida gani, mwaka gani, na amewataja akina nani. Yasipokuwa na hayo, ninayaacha."

Upande wa pili kulikuwa kimya, kisha kicheko. Nilipata nafasi ya kumjibu lile swali lake la mvuvi na muuzaji. Mnunuzi wa samaki hakudai kwamba wewe dada ndiwe uliyewavua. Lakini mwanao atakapokaa mbele ya wahadhiri na ule mradi, na siku atakapoketi mbele ya mwajiri na ile digrii, atakuwa anasema: hii nimevua mimi. Dada yangu hakunijibu, ila zile shilingi 15,000 alisema nizitumie nauli ya binti kwenda ufuoni na kurudi, na kurekodi mahojiano.

Kazi haikuwa rahisi. Baadhi ya makala yalidai malipo ambayo hakuna mwanafunzi wetu anayeweza kuyatoa. Hapo pia mkutubi alisaidia. Vyuo vyetu vingi huchangia pamoja gharama za hifadhidata kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, na mwanafunzi aliyesajiliwa hupewa neno la siri la kumwezesha kuingia hata akiwa nyumbani. Uko pia mpango wa Research4Life, unaofungulia taasisi za nchi zisizo tajiri milango ya majarida, bure au kwa bei nafuu. Sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza 2002. Ya kilimo, AGORA, ikafuata 2003. Na mtu asiye na chuo si kwamba amefungiwa nje. AJOL na Google Scholar ziko wazi kwa kila mwenye simu. JSTOR humruhusu msomaji aliyejiandikisha bila malipo kusoma hadi makala 100 kwa mwezi. DOAJ, iliyoanzishwa Uswidi mwaka wa 2003, huorodhesha majarida yasiyotoza wasomaji hata senti.

Kwa wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, nina machache. Anza mapema, wala usisubiri wiki ya mwisho wakati foleni ya kibanda ni ndefu na akili imechoka. Weka daftari, uandike kila siku ulitafuta wapi, kwa maneno gani, na ukapata nini. Litakuokoa usirudie njia ile ile. Kompyuta ikikuandalia marejeo, yahakiki, kwa maana hukosea majina. Na mwone mkutubi wako. Analipwa kukusaidia, na wengi wao huketi siku nzima wakiulizwa tu choo kiko wapi.

Kwa wazazi, hatuhitaji kujua kutumia hifadhidata ili tuwasaidie watoto wetu. Mtoto akiomba pesa za mradi, tusikimbilie kutuma. Tumuulize maswali mawili: umetafuta kwa maneno gani, na ni nani ambaye hakubaliani na mwenzake kuhusu mada yako? Anayefanya kazi yake mwenyewe atakujibu mpaka ugali upoe. Anayenunua atatazama chini. Akitazama chini usimgombeze, maana yawezekana hajawahi kuonyeshwa mlango. Mpe nauli ya kwenda maktaba, na umwambie aulize.

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mpwa wangu alipata alama za wastani katika mradi huo, wala hakuongoza darasa. Lakini nakala moja iko Kisumu, kwenye kabati la vyombo vya dada yangu, na babu mvuvi husomewa kurasa zenye maneno yake kila anapotembelewa. Husahihisha hapa na pale.